Kongamano la Wakodishaji wa Viti

Sijawahi kuambiwa nina akili mara nyingi kama wiki ile niliyopanga tarehe ya kongamano. Hata watu ambao kwa kawaida hunisalimu kwa kidevu walinipigia simu kunipongeza. Na mimi sifa huniingia upesi, kwa hiyo nikavimba kichwa siku tatu mfululizo.

Mama yangu anakodisha viti, meza na mahema. Mji mzima unamwita Mama Mahema, na mimi nimekuwa Mtoto wa Mama Mahema tangu darasa la kwanza hadi leo nina miaka thelathini na mbili. Nimekulia stoo. Kuhesabu nilijifunza kwa kupanga viti vya plastiki kumi kumi, na ukiniamsha usingizini nitakwambia kiti kilichopasuka mguu kwa mlio wake tu. Kazi hii wengi hawaijui. Wao wanaiona sherehe; sisi tunafika alfajiri kabla ya sherehe, tunapanga, tunaondoka, jioni tunarudi kukusanya na kukwangua keki iliyogandia kwenye vitambaa vya meza. Katikati hapo hakuna anayetukumbuka, labda kiti kivunjike na mtu.

Mwanzoni mwa mwaka daktari alimwambia Mama magoti yake yamechoka kubeba. Mama akarudi nyumbani, akanikuta nakunja turubai, akashika ncha ya pili kama kawaida yake, na tukiwa tunakunja akaniambia kwamba mwisho wa mwaka anapumzika. Biashara ama ananiachia mimi, ama anamuuzia Mzee Dhahabu. Huyo ndiye mpinzani wetu mkubwa, mzee mmoja aliyepaka viti vyake rangi ya dhahabu na tangu siku hiyo anatembea kama aliyevichimba ardhini mwenyewe.

"Sikukatai, mwanangu," Mama alisema. "Ila wewe unaanza jambo vizuri, likifika katikati unapata hasira unaliacha. Sijawahi kukuona umemaliza kitu kikubwa peke yako."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Nimewahi kuanza ushonaji nikaacha, nikaanza kuoka keki nikaacha, na nusura niache ndoa, ila mwenzangu akaniwahi. Nikaendelea kukunja turubai.

Basi ndipo chama cha wakodishaji kikaamua kufanya kongamano lake la kwanza. Wakodishaji tuko arobaini na sita mjini, na kwa miaka mingi tumekuwa tukioneana kijicho tu. Mteja anaagiza viti kwa watu watatu halafu anachukua vya mmoja, wawili wanabaki na malori yaliyopakiwa. Mwingine anaturudishia viti vimevunjika, kesho anakwenda kukodi kwa jirani macho makavu. Na mtu akipungukiwa viti kumi, yuko radhi aaibike mbele ya mteja kuliko kumwomba mwenzake. Mama, ambaye ndiye kiongozi wa chama, alisema yatosha, tukutane siku nzima, tuzungumze kibiashara, tuwe na mkataba wa aina moja na utaratibu wa kuazimana. Kisha, bila kunitazama, akawaambia wajumbe kwamba mwanawe ndiye atakayepanga kila kitu.

Njiani kurudi nyumbani aliniambia hilo ndilo jambo kubwa alilolingoja. Likiisha vizuri, biashara ni yangu. Likiharibika, barua ya Mzee Dhahabu ya kutaka kununua anayo tayari, kilichobaki ni sahihi yake tu.

Kupanga kongamano sikuwa nakujua hata kidogo, lakini nilijikaza kisabuni. Kazi ya kwanza ilikuwa tarehe, na hapo ndipo akili yangu ilipong'aa. Kila siku niliyotaja wajumbe waliikataa. Jumatatu wanafua vitambaa, Jumatano wanashona mahema, Ijumaa wanapakia. Nikakaa chini nikafikiri: ni lini mkodishaji hana kazi kabisa? Nikapata jibu. Ni Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Saa hizo viti vyote vimeshafika kwenye sherehe na havijarudi, mwenyewe anazubaa tu kando ya lori akisubiri watu washibe. Nilipolisoma wazo hilo kwenye kikao nilipigiwa makofi. Mzee Dhahabu mwenyewe aliitikia kwa kichwa, akasema mtoto huyu ana bongo.

Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, nikaandika orodha. Ukumbi, maiki, projekta, maji ya kunywa, chakula cha mchana, bango, funguo za vyoo, nafasi ya kuegesha malori, maana watu wetu hawaji na magari madogo. Nikamtafuta mtaalamu wa biashara wa kuja kutoa mada, akanitumia picha zake za kuonyesha ukutani, sitini na nne. Nikatengeneza vitambulisho vya kuvaa shingoni, na hivyo vilinitoa jasho kuliko vyote, kwa sababu kila mmoja alitaka cheo. Kati ya wajumbe arobaini na sita, thelathini na tisa walikuwa wakurugenzi. Mmoja wao anamiliki hema moja lenye kiraka.

Ukumbi niliupata juu ya duka la vifaa vya umeme, ghorofa ya pili, madirisha makubwa, sakafu ya vigae. Mlinzi wake aliniambia ukumbi hutolewa mtupu, viti watu wanakuja navyo. Nikamuuliza, kaka, hivi unajua unamwambia nani habari ya viti? Nikamweleza ni mkutano wa kina nani. Tulicheka sote wawili hadi akafuta machozi kwa mkono wa shati.

Jumamosi yenyewe nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Nikafagia, nikatundika bango, nikapanga chupa za maji dirishani, nikafunga projekta. Kila nilichokamilisha nilikikata kwenye daftari, na saa moja na nusu orodha nzima ilikuwa imekatwa. Nilijisikia mtu mzima. Nikapanda jukwaani kujaribu maiki, nikalivuta koti, nikasema kwa sauti ya mshereheshaji, karibuni sana ndugu wajumbe, tafadhali ketini.

Nikaitazama sakafu. Ilikuwa safi, inang'aa, na haikuwa na kiti hata kimoja.

Nilifungua daftari nikaisoma orodha mara mbili kutoka juu hadi chini. Viti havikuwemo. Niseme ukweli, sijawahi maishani mwangu kuandika viti kwenye orodha ya vitu vya kutafuta. Kwetu viti vipo tu, kama kuta. Na wale wajumbe arobaini na sita waliopitishiwa mpango ukurasa kwa ukurasa, hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mmoja nyumbani kwake ana mia mbili.

Nikaanza kupiga simu. Wa kwanza viti vyake vilikuwa kwenye mahafali. Wa pili, harusini. Wa tatu kwenye uzinduzi wa duka, wa nne harusini tena. Kila mmoja alinijibu kwa upole kwamba Jumamosi saa hizi hana kiti hata cha kukalia mwenyewe, si ndiyo maana tuliichagua? Halafu wote, kana kwamba wameambizana, wakaniuliza vya Mama Mahema viko wapi. Nilipiga simu kumi na tisa. Mzee Dhahabu sikumpigia. Nilikuwa radhi nikae sakafuni na sketi yangu mpya kuliko kumpa yule mzee raha hiyo asubuhi asubuhi.

Viti vyetu nilijua viko wapi. Vyote mia mbili vilikuwa barabarani, kwenye lori letu, na dereva wetu tunayemwita Taratibu, vikienda kwenye harusi upande wa pili wa mji. Harusi ilikuwa ianze saa nane mchana, ila mpambaji alivitaka viti saa tatu ili avivishe vitambaa na maua. Nikapiga hesabu haraka haraka. Nikivichukua mpaka saa sita, saa saba vitakuwa vimefika. Mpambaji atalia, lakini harusi itafungwa. Nitasema lori liliharibika, mbona malori huharibika kila siku.

Nikampigia Taratibu nikamwambia ageuze, alete viti ukumbini. Akauliza kama Mama anajua. Nikamwambia anajua. Akasema haya.

Nilikata simu nikajisikia vizuri, nisidanganye, kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akanijia akilini shangazi wa bibi harusi. Mama yule alikuja stoo mara tatu. Alikuja kuvitazama viti, akaja kuvikalia kimoja kimoja aone kama vinayumba, na mara ya tatu alikuja tu kuniuliza, mwanangu, saa tatu ni saa tatu kweli? Nikamwambia shangazi, saa tatu ni saa tatu. Nilimwona kwa mawazo pale kwenye lango la ukumbi wao, anatazama barabara. Nikaona kwamba kama nitaipata biashara ya Mama kwa kumwacha yule mama anatazama barabara, basi nitakuwa nimepata viti tu.

Nikampigia Taratibu tena. Nikamwambia apeleke harusini kama ilivyopangwa. Nilitegemea anung'unike, lakini alisema sawa dada, hata hivyo alikuwa bado anatafuta mahali pa kugeuzia.

Hapo sasa nilikuwa nimekalia kuti kavu kwa hiari yangu. Nilitamani sana kula kona. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ngazi zinashuka hadi uchochoroni, na hasira, ile hasira yangu ya katikati, ilikuwa imeshanipanda dhidi ya kila mtu: mlinzi, wajumbe, daktari wa magoti. Nikasimama pale jukwaani nimeshika maiki kwa mikono miwili mpaka niliposikia malori yanaegeshwa chini.

Waliingia wamependeza, vitambulisho vya ukurugenzi shingoni. Kila aliyevuka mlango alisimama akakodoa macho. Hakuna watu duniani wanaojua kutazama ukumbi kuliko wale, na ukumbi ule ulikuwa hauna cha kutazamwa. Mmoja akaanza kuupima kwa macho kwa mazoea tu, akasema hapa vinaingia mia moja na kumi bila kubanana. Mwenzake akasema tisini, ukiacha njia ya katikati. Wakaanza kubishania njia ya katikati ya viti visivyokuwepo.

Mzee Dhahabu aliingia mikono mgongoni, akatembea polepole hadi katikati ya sakafu, akageuka mzunguko mzima, akatabasamu. Mama aliingia wa mwisho. Aliitazama sakafu, akanitazama mimi, akaenda kusimama ukutani karibu na dirisha.

Nikawasha maiki.

"Ndugu zangu, hakuna viti," nikasema. "Nimepanga kila kitu nikasahau viti. Siku hii niliichagua mimi, na orodha niliiandika mimi. Kosa ni langu, na siondoki hapa mpaka kongamano hili liishe."

Wakatazamana. Kisha yule mkurugenzi wa hema lenye kiraka akaanza kucheka kwa ndani, mabega yanaruka, akamwambukiza wa pembeni yake, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulikuwa umeshika mbavu. Mtu wa nyuma akasema tuendelee, kwani lini sisi tuliwahi kukaa kwenye shughuli? Hilo likaungwa mkono. Miaka yote tumesimama nje kwenye shughuli za watu, tutashindwaje kusimama kwenye yetu?

Yaliyofuata sikuyategemea. Mtaalamu wa biashara alikuwa amejipanga kuzungumza kwa muda wa saa mbili. Kwenye picha ya kumi na moja aliona wasikilizaji wanabadilisha mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na yeye mwenyewe viatu vilikuwa vipya. Akaruka hadi picha ya sitini na tatu, akatushukuru. Mkataba wa aina moja, ambao kwenye vikao vyetu ulikuwa umebishaniwa miezi minne, ulipita kwa nusu saa. Tuna wazee wetu ambao kazi yao ni kusimama na kupinga, lakini siku ile wote tulikuwa tumeshasimama, wakakosa pa kuanzia. Ulipofika utaratibu wa kuazimana viti, Mzee Dhahabu alikohoa kama mtu anayetaka kusema jambo, akautazama umati uliochoka miguu, akaacha. Tukapitisha.

Mimi lakini sikufurahi, kwa sababu ya Mama. Nilimwona kutoka jukwaani ameegemea kingo ya dirisha, mkono umebonyeza goti. Nilimwomba mlinzi stuli yake nikampelekea. Mama akaikataa. Alininong'oneza kwamba wageni wake wamesimama, yeye atakaaje? Nikamwambia Mama, magoti. Akaniambia nirudi jukwaani nikamalize kazi. Nikarudi, ila sauti yangu ya mshereheshaji haikurudi tena siku ile.

Saa tano na nusu ajenda zote zilikuwa zimekwisha. Nikafunga kongamano, watu wakahamia upande wa chakula kilichokuwa kimeletwa, wakala wakiwa wamesimama, sahani mkononi, wakisimuliana wateja wao wakorofi. Nikaenda dirishani kwa Mama. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Taratibu alinipigia," akasema.

Nikamuuliza alimpigia saa ngapi.

"Ulipomwambia ageuze. Aliniuliza afanye nini, nikamwambia afanye unavyosema wewe." Alikuwa anatazama nje, kwenye malori. "Halafu nikakaa na simu mkononi nikingoja anipigie mara ya pili."

"Na asingepiga?"

Mama alifungua pochi yake akanionyesha bahasha. Niliitambua karatasi ya Mzee Dhahabu, hata karatasi zake zina ukingo wa rangi ile. Hakuichana mbele yangu, aliirudisha tu pochini. Nilikuwa bado najaribu kuusoma uso wake wakati simu yake ilipoita.

Akatazama jina, akanipa simu. Alikuwa shangazi wa bibi harusi. Nilijiandaa kwa matusi, lakini mama yule alikuwa ananishukuru, viti vilifika saa tatu kasoro, mpambaji amemaliza, ukumbi umependeza. Ila mwanangu, akasema, upande wa bwana harusi wamekuja na basi zima la watu tusiowajua. Tunahitaji vingine thelathini. Akasema anajua amechelewa, akasema hana mwingine wa kumkimbilia.

Nikafunika simu kwa kiganja. Mama hakunisaidia. Nikageuka nikawatazama wajumbe arobaini na sita na sahani zao, kumi na tisa kati yao nikiwa nimewapigia simu asubuhi ile ile. Palikuwa na mmoja tu niliyekataa kumpigia. Nikameza mate, na kiburi kikaenda nayo, nikamwendea.

"Mzee wangu," nikasema, "una viti thelathini?"

Mzee Dhahabu alitafuna akamaliza. Akasema anavyo. Viko stoo, thelathini kamili, huwa havitoi vyote hata siku moja.

Mazungumzo yalikatika pande zote. Mkurugenzi wa kiraka alimuuliza, kwa heshima zote, yaani mzee umetuacha tumesimama tangu saa tatu na viti unavyo?

"Watu arobaini na sita, viti thelathini," Mzee Dhahabu akajibu. "Ningemkalisha nani nimwache nani? Halafu hakuna aliyeniuliza." Alilisema hilo la mwisho akinitazama mimi, na alikuwa na haki.

Nikamwambia sasa nauliza. Akaweka sahani kwenye kingo ya dirisha, akafuta vidole, akatoa kijitabu chake cha oda kwenye mfuko wa koti na kalamu kutoka mfuko mwingine. Akaandika thelathini. Akaandika harusini, saa saba. Kisha akainua macho, akanipita, akamtazama Mama, kama alivyomtazama kwa miaka yote waliyogombania wateja.

"Nani anaagiza?" akauliza.

Mama alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu vyake, viatu ambavyo havina kamba.

"Mimi," nikasema.